Filamu Iliyokwama kwenye Kilio

Juzi niliitazama filamu ile hadi mwisho, na hasira haijanitoka mpaka sasa. Niliikuta kwenye simu, nzima, bila mkwaruzo, nikiwa nimejilaza katika chumba kile kile nilimokulia, hapa Kamina, Kongo. Nimerudi nyumbani na diploma ya chuo kikuu, kazi bado sina, na kwenye simu hiyo hiyo kuna ujumbe wa mwanaume aliyeniacha miezi saba iliyopita: "Nilikosea. Turudiane." Nilikuwa nimeandika majibu kumi na manne, nikayafuta yote. Mimi hata nukta huifikiria mara mbili kabla ya kuiweka. Lakini usinionee huruma kwanza, rafiki yangu. Twende nyuma kidogo.

Nilikuwa na miaka tisa. Jumamosi mchana, tukishamaliza kuteka maji na kutwanga sombe, majani ya muhogo, nkambo, yaani bibi yetu, alituruhusu kwenda kwa jirani, mstaafu wa reli. Mtaani ni yeye tu aliyekuwa na televisheni, na jenereta iliyokohoa nyuma ya nyumba kama mzee mwenye kifua kibovu. Tuliketi kwenye mikeka na karanga za kukaanga viganjani. Harufu ya petroli ilichanganyika na ya makayabu, samaki wa chumvi ambaye mke wa jirani alikaanga uani, na hadi leo nikinusa makayabu nasubiri mtu aanze kulia.

Kwa sababu filamu tuliyoipenda ilikuwa ya kulia. Lugha yake hakuna aliyeijua; jirani alitutafsiria, au alijifanya. Msichana anachumbiwa, anapata gauni jeupe, mwanaume anaondoka na mwingine. Msichana anajitupa kitandani na gauni lake, analia, na hapo diski inakwama. Kila Jumamosi alibaki mdomo wazi, chozi moja likitetemeka shavuni.

"Kiisha anafanya nini, papa?" tuliuliza.

"Anakufa," jirani alijibu, akiipangusa diski kwa shati. "Mwanamuke wa namna ile anakufa tu. Moyo inapasuka."

Tulimwamini. Niliogopa kupenda hata kabla sijaota meno yote.

Mwaka huo mchumba wa mama mdogo alimwacha. Mama mdogo, ndugu wa mama yangu, alikuwa mshonaji, na ndiye aliyefundisha kwaya ya watoto kanisani. Mbuzi wa mahari walikuwa wameshaliwa. Gauni la arusi alikuwa amelishona mwenyewe, kwa satini ambayo mwanaume yule alimletea kutoka Lubumbashi. Kisha mwanaume akachagua binti mwingine, wa kanisa letu hilo hilo.

Kwetu Wamethodisti wa Kamina, majina ya wanaotaka kuoana husomwa mbele ya watu Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye neno aseme. Nkambo hakutaka mama mdogo aonekane.

"Bakia mu nyumba mpaka batamaliza," alimwambia. "Bantu batakucheka."

Jumapili ya kwanza akabaki. Ya pili akabaki. Kwaya iliimba bila mwalimu, kila mtu kwa sauti yake, aibu tupu.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwa jirani kutuita nyumbani. Akasimama mlangoni, na kwenye televisheni msichana wa filamu alikuwa amekwama palepale na chozi lake.

"Anakufa," jirani alikuwa akisema.

"Hapana kudanganya batoto, papa," mama mdogo akasema. "Hakufaka."

"Weye uliiona?"

"Minyi naijua. Anaamuka, ananawa uso, anakamata makasi. Ile nguo anaikata, anashona kintu ingine. Kiisha anaenda ku kazi."

"Na bwana?" niliuliza.

Akanitazama kana kwamba nimetaja mtu asiyemfahamu. "Bwana gani?"

Tulicheka mpaka karanga zikatuponyoka. Hata jirani alicheka.

Alasiri hiyo alilitoa gauni sandukuni. Nakumbuka mlio wa mkasi kwenye satini, pasi ya makaa ikitema cheche, na kidole chake baridi shingoni mwangu alipokuwa akinipima. Watoto wa kwaya tulikuwa kumi na wawili, na gauni likatoa kola kumi na mbili.

Kesho yake mchungaji alisoma majina mara ya tatu, akauliza kama kuna mwenye neno. Mama mdogo akasimama. Nkambo aliikumbatia Biblia yake kwa mikono miwili. Kanisa zima likageuka.

"Mchungaji," mama mdogo akasema, "kwaya ya batoto iko tayari."

Akaja mbele, akainua mkono, tukaimba. Mwanaume yule alizitazama shingo zetu moja moja, kisha akatazama viatu vyake. Nyuma nilisikia mwanamke akinong'ona, "Ile satini si iko ya arusi?" na mwingine akamjibu, "Nyamaza, tusikie batoto."

Sasa unaelewa hasira yangu. Katika filamu halisi, mwanaume anarudi na mvua mwilini, msichana anafungua mlango, wanakumbatiana. Basi! Nilimkimbilia mama mdogo uani, kwenye cherehani yake, nikampa habari kama mtu anayetangaza msiba. Hakuinua hata mguu kwenye kanyagio.

"Najua. Niliionaka yote kule Likasi, kabla ya ile diski ya jirani."

"Kumbe ulitudanganya!"

"Ile mwisho haikunikalia muzuri. Nikakata ingine."

Jirani amefariki, na sebuleni kwake sasa watu wanachajisha simu. Jenereta haikohoi tena. Nkambo hayupo. Kwaya huvaa sare za kununua, na kola yangu panya waliitafuna zamani. Siku hizi kila mtu anatazama filamu peke yake, hadi mwisho, na hakuna anayesimama mlangoni kuubishia.

Nilirudi chumbani nikafungua ule ujumbe. Turudiane. Jibu la kumi na tano lilikuwa la maneno mawili tu: "Bwana gani?" Nikalituma bila kulisoma tena, nikachukua bidoni, nikaenda kuteka maji.