Mashine Isiyoruhusiwa Kulala

Mtaani walimwita Mama Randa, kwa sababu ulimi wake, kama randa ya seremala, haukuacha kinundu juu ya mtu. Mumewe ndiye aliyempa jina hilo, zamani, walipokuwa bado wanacheka pamoja. Siku hizi mume anacheka ng'ambo ya barabara, kwenye karakana mpya, na mke mpya, na mashine mpya ya kuchonga mbao kwa kompyuta. Ile ya zamani, waliyoihangaikia wawili, alimwachia yeye kama mtu anavyomtupia mwenzake mfupa.

Hata huo mfupa haukutolewa kwa moyo mweupe. Kwenye kikao cha familia baba mdogo wa mume alikohoa, akaamua: mashine ikae kwa mwanamke maadamu inafanya kazi. "Siku itakayolala, inarudi kwa mwenyewe."

Mwenyewe! Aliyekuwa akisugua vumbi kwenye meno ya gia na mimba ya miezi ya mwisho, huyo si mwenyewe. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Mume akaaga kwa ule upole wake wa kuudhi: "Mimi sina neno. Nitakuwa nasikiliza tu."

Na kweli akasikiliza. Mashine ile ikikata, mtaa mzima unaisikia. Ikinyamaza, ng'ambo mtu anatoka mlangoni na kutega sikio.

Asubuhi moja alikuja mteja wake, bwana mmoja anayejenga nyumba, nyuma yake mchukuzi amejitwisha mlango.

"Mama Randa, mlango wako umelewa."

"Umelewaje?"

"Chini umekaa, juu umeegemea. Hauingii kwenye fremu yoyote. Milango iliyobaki naitaka leo jioni, na iwe imenyooka. La sivyo nachukua mbao zangu, nazipeleka hapo mbele."

Hapo mbele maana yake ng'ambo ya barabara. Na kazi nyingine Mama Randa hakuwa nayo. Milango ile ikiondoka, mashine italala mchana kweupe.

Alichukua kamba akapima mlango kona kwa kona, kisha kona zile nyingine. Kamba ikapelea. Basi mbao hazikuwa na kosa; mashine ndiyo iliyokwenda upande.

Mashine yenyewe ina daraja linalobeba kisu na kutembea juu ya meza. Ndani ya daraja imepita shafti moja ndefu, na kila mwisho wa shafti kuna gia ndogo inayouma reli ya meno. Gia hizo mbili lazima ziende sawa kama watu waliobeba jeneza. Mmoja akitangulia, jeneza linakwenda mshazari.

"Mama, njoo unishikie hapa," aliita.

Akaja mama mkwe wake, kikongwe aliyekataa kuhamia kwa mwanawe, akisema hawezi kupikiwa na mke mtoto anayeogopa moto.

"Nimeshika. Nikifia hapa, utamwambia nini mwanangu?"

"Nitamwambia njoo uzike, usije kusikiliza."

Kikongwe akacheka hadi daraja likatikisika. Mama Randa hakucheka. Alipiga magoti, akachokonoa meno ya reli kwa brashi na pini, maana grisi ikishakutana na vumbi la mbao huganda kama gundi. Kisha akaiachanisha na reli gia ya upande wa mbali, akairudisha nyuma jino moja, akaiacha iume tena. Akapima kona za meza. Kamba ikapelea upande wa pili.

Akajua mambo yameharibika. Pale ilipokuwa, haifai. Jino moja nyuma, haifai. Maana yake gia yenyewe imeteleza juu ya shafti, chini ya jino moja. Dawa ni kulegeza skrubu inayoibana, kuizungusha gia kidogo, na kubana tena. Akaingiza spana ya pembe sita kwenye tundu la skrubu. Spana ikazunguka bure. Tundu lilikuwa limeliwa, limekuwa duara laini kama ufizi wa mtoto.

Skrubu ile hakuna aliyewahi kuigusa ila mume, siku aliyohama, alipopiga magoti hapo hapo na spana mkononi, akidai anaiaga mashine.

"Mwanangu hawezi kufanya hivyo," alisema kikongwe.

Mama Randa akamwongoza kidole hadi kwenye lile tundu laini.

"Anaweza," alisema kikongwe, polepole. "Lakini kifaa cha kuing'oa anacho. Niende nikamwombe?"

"Ukienda, Mama, umempelekea habari kwamba imelala."

Mlangoni pakapigwa hodi. Mke mdogo aliingia, nguo imepigwa pasi, kidole kimeziba pua kwa vumbi.

"Shikamoo, dada. Bwana anauliza, mbona kimya?"

"Mwambie inapumua."

"Amesema ikipumua sana, ndiyo kulala kwenyewe."

"Basi na hili umpelekee: mimi alinisifu kuliko anavyokusifu wewe. Siku yako ya kusikilizwa haiko mbali."

Binti wa watu akaondoka bila kuitikiwa salamu. Mama Randa akarudi kwenye gia. Hakuwa na mwingine wa kumpa kazi.

Alichagua spana nene kidogo kuliko tundu, akaipunguza kwa tupa, akaigongea ndani kwa nyundo. Gia ikipasuka, hakuna tena la kusema kwenye kikao chochote. Akagonga. Akazungusha kwa uzito wa mwili wote. Skrubu ikalia, ikasogea, kisha ikakatika kichwa ndani ya tundu lake.

Gia ililegea. Lakini sasa hapakuwa na cha kuibania.

Alikaa sakafuni, machozi yakachora njia kwenye vumbi la uso. Halafu akakata kipande cha bati, akaweka karatasi kati ya meno ya gia na ya reli yasije yakabanana, akazungusha gia kidogo kidogo huku kikongwe akishika kamba. Kamba ilipofika sawa kona zote, akalipigilia bati kati ya gia na shafti kama kabari. Akaichomoa karatasi. Akawasha.

Milango ikatoka imenyooka. Baada ya kila mmoja alisimamisha, akapima, akapigilia bati tena, kwa sababu lilikuwa linaliwa mbele ya macho yake. Jioni mteja alikuja na fremu yake, akajaribu, akapakia.

"Kazi nyingine nitakuletea," alisema, kama watu wanavyosema.

Gari likaondoka. Karakana ikanyamaza. Meza ilikuwa tupu, na ukutani hapakuwa na ubao hata mmoja wa mtu yeyote. Kutoka ng'ambo sauti ya mume ikapaa, tamu, ya kuwasikilizisha majirani:

"Mama Randa! Imelala?"

Mama Randa akamgeukia kikongwe.

"Mama," alinong'ona, "bonyeza kile kitufe cha kijani."

"Hakuna ubao, mwanangu. Na lile bati litakwisha."

"Bonyeza."

Kikongwe akabonyeza. Daraja likaanza kwenda na kurudi juu ya meza tupu, kisu kikikata hewa kwa kelele zote, na Mama Randa akasimama karibu na gia akiliangalia bati likitoa unga mwembamba, unaomeremeta, ukidondoka sakafuni.