Maji ya Mama Umwali juu ya mipira

Mke wangu aliitwa Joséphine-Marie. Hapa Kirolirwe walimuita Mama Umwali, kwa jina la mutoto wetu wa kwanza. Alikufa mvua iliyopita. Mimi sikusoma, herufi nilizipata kanisani, na maneno yangu si mengi. Lakini hili ninaliandika mwenyewe, maana wengine wanalisimulia vibaya.

Alitoka Walikale, kwa watu wa pori. Nilimukuta pale malori yanaposimama, akikaanga ndizi. Kabla ya kutia mafuta, alirusha tone la maji ndani ya sufuria tupu. Tone likicheza na kulia, sufuria iko tayari. Niliangalia vile anainamisha kichwa kusikiliza. Nikanunua ndizi ya pili, na njaa sikuwa nayo.

Mimi nilikuwa shofere wa jipu la kushusha maziwa na mafromaji, yaani jibini, mpaka Sake. Kila jioni nikirudi, yeye alitoka na beseni na kishada cha majani, akanyunyiza janti, vile vyuma vya katikati ya mipira yote mine ya jipu, kichwa chini, kimya. Kisha anasema:

"Ya mbele kushoto inalia."

Asubuhi ninainua jipu na kriki, ninakuta ni kweli. Mupira ukiwa na moto kupita mwenzake, etriye yake imekwama. Etriye ni kile chuma kinachobana disiki ya freni kama viganja viwili, mupira usimame. Ukitoa mguu, inapaswa iachie. Ikikataa kuachia, plaketi, vile vibao viwili vinavyogusa disiki, zinalika, freni inaungua, na siku moja ku muteremuko wa Sake unakanyaga, hakuna kitu. Hakuna mutu aliyemufundisha. Akili hiyo aliileta kutoka ku sufuria yake.

Majirani waliona maji, majani, kichwa chini, na mwanamuke wa pori. Unajua walichosema: ni dawa ya uchawi.

Ukafika wakati wa ba mama wa kanisa kuchagua kiongozi wao. Wengi walimutaka Mama Umwali. Walikutana kwetu uani, kwa sababu kesho yake jipu lingewapeleka Lushebere kusali na wakimbizi wa kambi. Mama Carmel, muuza sabuni, mwenye sauti kubwa kupita kengele, akasimama.

"Mama Umwali, tunakupenda. Lakini ile maji yako ya jioni uliitoa wapi? Kwa bibi yako, kule Walikale?"

"Niliitoa ku bomba," mke wangu akajibu.

Wakacheka. Mama Carmel hakucheka.

"Usichekeshe batu. Mimi sipandi motokari ya dawa. Na kiongozi wa dawa, siimbi nyuma yake."

Wengine wakaangalia chini. Nilijua: wakirudi kwao hivyo, hatakuwa kiongozi, na atabaki "yule wa pori" mpaka kaburini. Nilifungua kinywa. Akaniangalia, nikakifunga.

"Papa Umwali," akasema, "leta kriki."

Alikaza kitenge. Jipu lilikuwa limetoka kupanda kutoka Sake sasa hivi. Akanyunyiza ya nyuma, matone yakateremuka tu. Ya mbele kulia, vilevile. Ya mbele kushoto: tssss!

"Njo hii, hii ndiyo inalia," akasema.

"Hata shetani anasemaka tss," Mama Carmel akajibu.

"Basi ngoja nikuoneshe fasi, pale anakaa."

Akazuia mipira ya nyuma na mawe, akainua jipu, akatoa mupira. Tukangoja chuma kipoe. Mama mumoja alitaka kumwaga beseni yote. "Hapana ku disiki," mke wangu akamukataza. "Disiki ya moto ikipata maji inajipinda." Kisha akafungua etriye, akaifunga na kamba juu ili isining'inie ku bomba la mafuta yake. Plaketi ya ndani ilikuwa imelika kama sabuni ya mwisho. Ya inje bado nene.

"Mama Carmel, kuja. Shika huu musumari. Njo etriye inatembea juu yake. Vuta."

Mama Carmel aligusa na ncha za vidole, kama ni nyoka. Akavuta. Ukaenda na kurudi, laini.

"Sasa huu mwenzake."

Akavuta. Akavuta tena, akaweka mguu ku jiwe. Hakuna.

"Ona kampira kake, kamepasuka. Matope ya barabara yaliingia, kutu ikafuata. Kesho kwenye muteremuko tungeimba wimbo wa mwisho."

"Yesu!" akasema Mama Carmel, na safari hii hakuwa anahubiri.

Mke wangu aliutoa ule musumari kwa nyundo ndogo, akausugua mpaka ukang'aa, akaupaka grisi ya freni, akauvalisha kampira kapya. Mimi nilileta plaketi mpya za pande zote mbili, tukafunga, tukarudisha mupira. Nikashuka na jipu mpaka kisimani, nikakanyaga freni mara nyingi, nikapanda.

Beseni ilikuwa imekwisha chukuliwa. Mama Carmel alikuwa ameishika, na majani pia. Akanyunyiza, akainamisha kichwa.

"Eh, Mama Carmel!" mumoja akamutania. "Na weye umekuwa muganga?"

"Nyamaza wewe, ninasikiliza!"

Akasikiliza mipira yote. Kisha akanyoosha mugongo.

"Haisemi kitu. Mama Umwali, kesho utakaa mbele. Sisi tutaimba nyuma yako."

Waliimba nyuma yake mpaka mvua hii iliyopita. Siku ya kumuzika, mwenye kuanzisha wimbo alikuwa Mama Carmel.

Jipu sasa linaendeshwa na Nshimiyimana. Jioni akiingia, ninatoka na beseni ileile. Yeye hapendi kuzima redio. Ninamuambia zima, nisikie.

Jana matone yalikauka polepole, mipira yote mine. Nyumbani hakukuwa na mutu wa kumuambia. Nikamuambia Nshimiyimana: kesho unaweza kushuka.