Tone la Maji kwa Uyoga Mkavu

Mama Uyoga, ndivyo wanavyomwita wenzake kwenye hifadhi ya mimea mikavu, hawashi feni wala hapendi mtu acheke karibu na meza yake. Uyoga wa zamani, husema, ni vumbi linalosubiri kisingizio. Kazi yake ni kuhamisha uyoga uliochumwa pwani miaka mingi iliyopita kutoka bahasha kuukuu na kuutia kwenye mpya. Zilizo kuukuu huzitupa, ila zile alizokunja mchumaji mmoja, marehemu mumewe, aliyekuwa akibana pembe ya kushoto kwa ukucha. Hizo huzikunja upya kwa mikunjo ile ile, na kuzihifadhi ndani ya mpya.

Leo mvua ilipoanza, alikata kipande chembamba cha uyoga wa mumewe, akakidondoshea maji ili akitazame kwa hadubini. Kikavimba, kikalainika, kikatoa harufu ya msitu uliolowa. Akasahau hadubini.

“Mama, kimefufuka!” karani akamtania.

“Ndiyo kawaida yake,” akajibu, huku akipitisha ukucha wake juu ya ile pembe ya kushoto ya bahasha. “Hiki tone moja limekitosha. Mwenye kukichuma nimemmwagia machozi ndoo nzima, na yuko kimya tu.”