Soda Niliyokunywa kwa Kiu

Ilianza Alhamisi, saa nane mchana, katika ukumbi wa chuo chetu hapa Mowlem, Nairobi. Walimu na makarani walikuwa wanafundishwa jinsi ya kusuluhisha malalamiko ya mwanafunzi aliyebaguliwa kwa kuwa msichana au mvulana, kwa mazungumzo, kabla jambo halijafika kwa kamati. Aliyewafundisha ni shosho, nyanya yangu. Alikuwa mwalimu wa ushonaji wa ngozi hapa mpaka akastaafu. Mimi nasomea ufundi wa magari, mwaka wa kwanza, na nilienda kumbebea mkoba tu. Lakini alitaka msichana wa kuigiza mlalamikaji, na watu wakinitazama wengi hivyo siwezi hata kusema hapana.

Kuna jambo shosho hakulijua. Lalamiko la kweli nilikuwa nalo. Tangu nijiunge, mwalimu wa karakana huwapa wavulana injini, mimi hunipa ndoo na kitambaa nioshe magari ya wateja. Nilimwambia Mwalimu Barasa, msimamizi wa wanafunzi. Akanijibu tukutane ofisini kwake Ijumaa asubuhi, sisi watatu, "tuyamalize kinyumbani."

Basi kwenye igizo Barasa akawa msuluhishi, karani mmoja akawa mwalimu mkosaji. Soda mbili zikafunguliwa.

"Sisi hapa ni familia," Barasa akasema. "Peaneni mikono, mnywe, yaishe."

Nikatoa mkono. Nikanywa. Ukumbi ukapiga makofi.

"Mmemaliza nini?" shosho akauliza.

"Kesi, shosho," nikamjibu. "Hata gesi haijaisha kwenye chupa."

Walicheka. Shosho hakucheka. Aligeuza kiti akanielekea mimi, kama vile hao wengine hawapo.

"Mwanangu, nakumbuka siku moja nikiwa msichana kama wewe, nasomea ngozi. Wavulana walikuwa kwenye meza ya kukata. Sisi wasichana, gundi. Asubuhi gundi, jioni gundi, mpaka chakula kinanuka gundi. Nikalalamika. Mkuu wa karakana akatuita, mimi na mwalimu aliyetupangia gundi, akatuwekea soda, akatuombea, tukapeana mikono. Wiki iliyofuata niko wapi? Kwenye gundi. Nikifungua mdomo naambiwa, 'Si ulikunywa soda?' Na mimi nikaona kweli, nilikunywa. Nikanyamaza muhula mzima.

"Kila Jumamosi nilikuwa namshonea mikanda ya viatu fundi mmoja wa ngozi pale sokoni Kariokor, Mama Atieno. Siku moja akaniambia nikate ngozi. Nikamwambia sijui. 'Chuo unaenda kufanya nini?' Nikamweleza. Aliweka kisu chini, mama yule, na hakuwa mtu wa kuacha kazi. Akasema, 'Wewe msichana, soda ni ya kiu. Nani amekudanganya ni ya kesi? Ulikunywa, sawa. Lakini kuna mtu alikuuliza kama umeridhika?' Nilikasirika. Nilidhani atanihurumia.

"Jumatatu nikarudi. Nikawaambia, soda nilikunywa kwa sababu nilikuwa na kiu. Ngozi bado sijakata. Lalamiko likaenda mpaka kwa mkuu wa chuo, na muhula uliofuata nikapata nafasi kwenye ile meza. Yule mwalimu hakunisalimia tena mpaka nikamaliza. Iliniuma, sikudanganyi. Lakini nilikata."

Shosho akaendelea, sauti ile ile, bado ananitazama mimi, ingawa sasa nadhani alikuwa anaongea na wote.

"Kwa hivyo, mwanangu, anayetaka kuwapatanisha akuulize kwanza kama unataka kukaa na aliyekukosea mzungumze. Akuulize ukiwa peke yako. Akikuuliza mbele ya yule aliyekukosea, hapo hajakuuliza. Ukikubali, bado una ruhusa ya kusimama katikati na kusema sasa nataka kamati. Na kama mtu amekutia mkono mwilini, hilo si la soda, lipelekeni mbele moja kwa moja. Usiogope kuitwa mgumu. Heshima ni kumjibu mtu vizuri, si kumjibu ndiyo. Mungu akupe sauti siku utakapoihitaji, na mikono yako ishike kazi uliyoichagua."

Akanishika viganja vyote viwili. Barasa alikuwa anaitazama ile chupa yangu.

Ijumaa asubuhi nilifika ofisini mapema. Mwalimu wa karakana alikuwa anangoja nje, na Barasa akaniingiza mimi tu, akafunga mlango.

"Kwanza, wewe," akaniambia, polepole. "Unataka kukaa naye, au hutaki? Ukikataa, naenda kwa kamati leo, na hakuna mtu atakuuliza kwa nini."

Nikasema nataka.

Mwalimu akaitwa. Alisema hakuwa na nia mbaya, kwamba injini ni nzito, kwamba mimi ni kama binti yake. Soda zilikuwa mezani. Nadhani Barasa alikuwa ameziagiza kabla ya Alhamisi. Mwalimu akanyoosha mkono.

Niliinywa soda yangu yote. Kisha nikasema, "Asante, mwalimu. Mkono nitakupa siku nitakapofungua injini." Nikaenda karakana, nikapita ndoo, nikasimama kando ya gari lililofunguliwa boneti.