Bastola ya Babu na Alama ya Nanasi

Juzi binamu yangu alinitumia picha ya bastola ya kale inayopigwa mnada Ulaya, nikapandwa na hasira. Kwenye mpini wake zilikuwepo herufi mbili ambazo babu yangu alizichonga kwa msumari.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, chumba cha bibi, pale Kariakoo, kilinukia udi, na nje cherehani za mafundi zilikuwa zikinguruma. Mgeni mmoja, aliyejiita mtaalamu wa vitu vya kale, alikuwa akiigeuzageuza bastola ile yenye kutu. Babu, askari wa zamani wa jeshi la Waingereza, alikuwa amemwachia bibi silaha hiyo kabla hajafa.

"Bibi, ona, nanasi!" nilisema, nikionyesha alama iliyogongwa kwenye chuma.

Mgeni aliifunika kwa kidole gumba. "Bi mkubwa, nisikufiche. Hii wameifua wahunzi wa mtaani. Haina mwaka wala kwao."

Babu alikuwa amemwambia bibi kwamba alizawadiwa bastola hiyo na mkubwa wake jeshini, kwa ushujaa.

"Kumbe alinidanganya," alisema. "Ichukue, mwanangu. Sitaki kuiona."

Nami nilidhani kelele zangu za nanasi ndizo zilizoiharibia bastola sifa.

Maelezo chini ya picha aliyonitumia binamu yanasema wazi: lile nanasi ni taji la mfalme, muhuri wa kiwanda cha silaha za jeshi la Uingereza, na tarakimu zilizo chini yake ni mwaka ilipotengenezwa. Yule bwana alijua. Bastola tungeweza kuisahau. Lakini bibi hakulitaja tena jina la babu, akaingia kaburini akiamini aliolewa na mwongo.