Mguu wa Mshonaji
Mshonaji wetu wa Frere Town hushona sare za akina mama wa kanisa, redio ikiwa juu ya kabati. Uchaguzi wa Marekani ukitajwa, hukanyaga cherehani kwa nguvu mpaka mtangazaji asisikike. "Waongo hao," husema, pini zikiwa mdomoni. "Mgombea wetu anatetea ndoa na watoto walio tumboni, wao wanamwita mwendawazimu. Kura zitaibwa, mtaona."

Asubuhi ya matokeo redio ikatangaza kwamba mgombea wake ameshinda. Mguu ukatulia. Velma, aliyekuja kupimwa, akapiga kigelegele. Mshonaji akakata uzi kwa meno, akaitazama redio kwa jicho la pembeni.

"Tangu lini hao wakasema kweli?" akauliza, akaanza kukanyaga tena.