Nyati wa Upande Nisioujua

Sikio langu la kushoto lilibaki Nyakato, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nililisha mashine ile miaka mingi, nayo ilikuwa inalia tangu unaingia mpaka unatoka. Tulikuwa tunaongea kwa mikono kama mabubu. Mchana tunakula ugali na dagaa, na dagaa wa siku zile, acha tu, walikuwa na mafuta yao wenyewe. Basi, siku moja nikagundua upande mmoja umezima.

Watu hawajui: mtu wa sikio moja anasikia vizuri tu. Shida ni kwamba hajui sauti inatoka wapi. Mke wangu akiniita jikoni, mimi natoka nje. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Nyumbani hicho ni kichekesho.

Kiwanda kilipofungwa nikaenda kukaa na shemeji, kaka yake mke wangu, kwenye kambi yake ya ng'ombe porini, mbele ya Magu, ziwa upande huu na hifadhi upande ule. Siku ya kwanza akanionya: "Huku nyati humwoni. Unamsikia, halafu unapita upande mwingine." Nikaitikia.

Asubuhi moja ukungu wa ziwani umeshuka, maksai wetu mweusi wa kulimia hayupo. Alikuwa na kengele shingoni. Tukagawana vichaka. Kengele nikaisikia, ngo, ngo, karibu kabisa, lakini wapi? Nikageuka huku, nikageuka huku. Nikaona mgongo mweusi nyuma ya kichaka, nikamshukuru Mungu. Nikapiga mluzi wetu wa kuita ng'ombe, nikanyoosha fimbo nimguse matakoni.

Akainua kichwa. Pembe zilikuwa zimekutana juu ya paji kama kofia ya chuma. Tope limemkaukia usoni. Shingoni hakuna kengele.

Fimbo sijui ilienda wapi. Nilijikuta juu ya mgunga, miiba imeniingia mpaka mdomoni, naye chini anagonga shina, kila akigonga na meno yangu yanagongana. Halafu akaingia ukunguni, nisimwone tena. Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Pumzi zake nazisikia, fuu, fuu, na sijui yuko mbele yangu, au nyuma, au chini ya unyayo wangu.

Baadaye shemeji akatokea, anamswaga maksai.

"Shuka bwana, shemeji! Au umeanza kutaga huko juu?"

"Yuko wapi?"

"Si unamsikia anavyokwenda? Yule kule!"

"Namsikia. Kule wapi?"

Akacheka. Halafu akanitazama vizuri, kicheko kikaisha.

Nikashuka. Suruali ilikuwa imelowa, na si kwa umande. Sikupita kambini kuchukua hata shuka langu. Nikaelekea barabara ya lami. Nyuma yangu, nadhani ni nyuma, shemeji alikuwa ananiita. Sikusimama, na kule sijarudi.